Mwanga Aliousokota Mwalimu Gacheri

Bwana Mchungaji, Profesa, shemeji Mwiti na binti yetu Kendi, walimu na wanafunzi, na ninyi majirani zetu mliofunga saumu na bado mmekubali kusimama nasi kwenye jua hili na tope hili, naitwa Muriuki, kaka mkubwa wa marehemu, yule wa studio ya picha karibu na soko la mifugo, na wengi wenu nimewapiga picha za kipande, zile za kitambulisho, nawajua kwa masikio yenu kabla ya majina. Kamati ya mazishi imenipa kurasa mbili zilizopigwa taipu, ikanipa dakika kumi, ikaniomba nisome kama ilivyoandikwa. Tarehe zote nitazisoma kama zilivyo. Lakini katika ukurasa wa pili kuna sentensi moja inayosema marehemu alifanya uzembe katika utafiti wake, sentensi hiyo imetoka kwenye barua ya chuo kikuu ambayo Profesa anayo katika mkoba wake, na akishapanda ndege kurudi Nairobi itaingia kwenye faili ya Gacheri na kukaa humo mpaka mwisho wa dunia. Si kweli. Mimi ndiye ninayejua kwa nini si kweli, kwa hiyo naomba kamati inivumilie, na asiyeweza kunivumilia anisubiri pale nje ya ua nikimaliza.

Marehemu Mwalimu Gacheri alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Februari 1957, karibu na Nkubu, Meru, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa mama yetu, ambaye leo hayupo hapa kwa kuwa barabara imekatika kwingi mno na ndege ya misaada haikuwa na nafasi zaidi ya tatu, na nakala ya maneno haya itapelekwa akasomewe huko. Nilimtangulia Gacheri kwa miaka minne, na ni hiyo miaka minne tu niliyowahi kumshinda kwa jambo lolote. Alikuwa mbishi tangu utotoni, ukimwambia kitu ni hivi atakuuliza umejuaje, na ukimwambia umeambiwa atakwenda kumuuliza aliyekuambia, baba alichapwa na maswali yake kuliko sisi tulivyochapwa na baba.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 akamaliza mwaka 1970, akaingia sekondari ya wasichana 1971 hadi 1974, kisha kidato cha tano na cha sita 1975 hadi 1976, na mwaka 1977 akajiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa fizikia na hisabati, darasa la wanaume hamsini na tatu na wanawake wawili, akahitimu mwaka 1980. Mimi shule iliniishia kidato cha pili, nikajifunza kazi ya kamera kwa Mhindi mmoja pale Meru mjini, na sina majuto nayo, isipokuwa haya ninayokuja kuyasema.

Januari 1981 aliajiriwa akapelekwa Wajir, na Januari 1983 akahamishiwa Garissa, alipofundisha miaka kumi na mitano bila kuomba uhamisho hata mara moja. Ninyi wenyeji mnatujua sisi watu wa bara, wako wanaoandika barua ya uhamisho kabla hawajafungua sanduku, lakini Gacheri aliupenda mji huu kwa sababu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote, alisema hewa yake ni kavu. Wasichana wenu waliopita mikononi mwake ni wauguzi leo, ni walimu, mmoja ni mhandisi, na kila mmoja anakumbuka alivyowafukuza maabara kwa kuandika jibu bila kipimo.

Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa kanisani Nkubu na Bwana Mwiti, afisa wa mifugo wa hapa Garissa, na tarehe 8 Septemba 1987 Mungu akawapa binti mmoja, Kendi, aliyepokewa duniani na jirani yao mama Kaaha kwa sababu mkunga alichelewa, na mpaka leo mama Kaaha anasema mtoto ni wake, sisi tumeazimwa tu. Mwaka uliofuata wakaniita mimi nije nifungue studio, wakanikaribisha nyumbani kwao miezi saba mizima, na Gacheri hakunihesabia hata kikombe cha chai.

Sasa nafika kwenye utafiti, ukurasa wa pili. Alipata shahada ya pili mwaka 1991, na Machi 1993 akajiandikisha kwa shahada ya udaktari akiwa bado anafundisha vipindi ishirini na vinane kwa wiki. Mimi si mwanasayansi, nitaeleza alivyonieleza yeye, na alinieleza mara tatu, mara ya tatu kwa hasira. Mwanga wa tochi unakwenda mbele tu, basi, lakini upo mwanga unaoweza kusokotwa, ukawa unakwenda mbele huku unajizungusha kama kamba ya kufungia ngamia, na katikati ya kamba hiyo hakuna mwanga, ukiutupa ukutani unaona pete yenye tundu jeusi. Ili kuusokota, alichora kwa wino kwenye karatasi kubwa mistari mamia, ule wa katikati ukigawanyika kuwa miwili kama panda ya manati, mimi nikaipiga picha nikiipunguza mpaka ikawa sawa na ukucha wa kidole gumba, na mwanga mwekundu wa mtambo wa leza ukipita kwenye kipande hicho cha filamu unatoka umesokotwa. Kisha anaupitisha kwenye jiwe fulani linalofanana na chumvi, na jiwe hilo lina tabia ya ajabu, mwanga ukiwa mkali linauunganisha mbili mbili, unaingia mwekundu na unatoka mwanga mwingine ambao jicho halioni ila filamu inauona. Swali lake lilikuwa moja tu, mwanga ukiunganishwa hivyo msokoto wake unakuwaje, unabaki mmoja, unapotea, au unakuwa maradufu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi dada yangu wakati sisi wengine tunanyimwa usingizi na mbu.

Mtambo wenyewe chuo kilipewa msaada na wazungu waliokuwa wanafunga maabara yao, ukawa umekaa Nairobi hauna kazi, maana jiwe lile linanyonya unyevu, likishanyonya linafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi na hapo limekufa. Gacheri akawaambia, nipeni mimi, kwetu hakuna unyevu. Aliuleta Agosti 1993 kwa lori la shule nyuma ya msafara wa polisi, saa tisa za barabara, jiwe amelipakata ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliojazwa makaa makavu, na askari wa kizuizi alipotaka kuufungua mkebe aliambiwa aufungue haraka na aufunge haraka, akaona afadhali asiufungue.

Jumamosi tarehe 22 Julai 1995, Yahye mtunza maabara akiwa shahidi, alipata picha aliyoitafuta. Alikuwa akichanganya ule mwanga uliosokotwa na mwanga mnyoofu, na filamu ikionyesha mkia unaojikunja kulizunguka lile tundu, mkia mmoja ni msokoto mmoja, mikia miwili ni misokoto miwili, na upande mikia inakokunjia ndio upande mwanga unakozungukia. Filamu ilisafishwa kwangu studio. Picha ya mwanga mwekundu ilikuwa na mkia mmoja, picha ya mwanga uliotoka kwenye jiwe ilikuwa na mikia miwili, yote imekunjia kulia, na Gacheri, ambaye sikuwahi kumwona akilia tangu baba azikwe, alikaa kwenye kiti changu cha wateja akalia mpaka wateja wakaondoka. Akaniomba nizichapishe kubwa, mbili katika ukurasa mmoja, ziingie kwenye tasnifu yake.

Ndugu zangu, hapa nisikilizeni vizuri. Sisi watu wa studio tuna mazoea yetu. Harusi nyingi za hapa bwana arusi anapigwa kwake na bibi arusi anapigwa kwao, mimi nakuja kuwaunganisha kwenye kadi moja, na kadi haiwezi kutoka wakiwa wamepeana kisogo, lazima watazamane, kwa hiyo nachukua negativu, ile filamu iliyosafishwa, ya mmoja naiweka mgongo juu, na bwana anageuka anamtazama mkewe. Nimefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyelalamika, isipokuwa Hirsi mwuza mafuta aliyeona saa yake imehamia mkono wa kulia, nikamwambia ni mwanga wa studio. Basi nilipoziweka picha za Gacheri ubavu kwa ubavu niliona zote zimekunjia upande mmoja, ukurasa umeegemea kama meza yenye mguu mfupi, na mimi, kwa mapenzi na kwa ujinga, nikaigeuza negativu ya pili. Zikatazamana, zikapendeza. Siku zilikuwa zimebana, nikazituma moja kwa moja Nairobi kwa mtengeneza majalada na mtu wa msafara, na Gacheri hakuziona kabla hazijafungwa ndani ya kitabu.

Tarehe 12 Machi 1996 barua ya watahini ilifika. Walisema hesabu zake ni nzuri, lakini picha yake ya pili inaonyesha mwanga umeingia ukizunguka kulia na umetoka ukizunguka kushoto, jambo ambalo hesabu zake mwenyewe zinalikataa, kwa hiyo ama hajui anachokifanya ama picha imebuniwa, na walitaka waone negativu. Alikuja studio na barua mkononi, hakukaa, akaniuliza kama niliichapisha jinsi ilivyokuwa. Nikasema ndiyo. Akauliza negativu iko wapi, nikasema joto limeifanya inate na nimeitupa, nayo ilikuwa kwenye droo, goti langu linaigusa.

Mtaniuliza kwa nini, na ni haki yenu. Wakati ule kulikuwa na maneno mjini kwamba ziko studio zinazobadilisha picha za vipande, wenzangu wawili walikuwa wameshaitwa kuhojiwa, na mimi nusu ya riziki yangu ilikuwa picha za vipande. Neno moja tu kwamba Muriuki anageuza negativu, kibali kimekwenda. Nikajiambia Gacheri ana akili, atapata njia nyingine, na mimi nina studio tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kila nilipomwona nilijiambia tena, na baada ya miezi mitatu nikawa nimezoea.

Yeye hakuzoea. Kwa miezi ishirini alitafuta kosa ambalo halikuwepo. Alirudia hesabu kurasa mia mbili, akashuku kioo, akashuku jiwe, akashuku macho yake, taa ya mtambo ikafa akangoja nyingine miezi mitano, na katikati ya 1997 zikafika habari kwamba huko ng'ambo wengine nao wameona vivyo hivyo, mwanga ukiunganishwa msokoto unakuwa maradufu, na upande haubadiliki. Badala ya kumsaidia jambo hilo lilimzika, maana sasa kila mtu alijua picha yake haiwezi kuwa ya kweli. Katika chumba cha walimu alisikia mtu akisema, si yule wa picha za kutunga. Mwiti, wewe ulikuwa unamwona nyumbani, unajua alivyokonda.

Kisha Oktoba mvua zikaanza, na mvua hizi hamhitaji niwaeleze. Shemeji alimpeleka Kendi Nkubu mapema Novemba, barabara ikakatika nyuma yake akashindwa kurudi. Mto ukapanda, stima ikapotea tukalala gizani, hewa ikawa nzito mpaka mkate unaota ukungu asubuhi kwa jioni, na jiwe la Gacheri, lililokaa miaka minne salama kwa ukavu wa Garissa, likaanza kufifia pembeni. Mama Kaaha alimtunzia mkebe kando ya jiko lake la makaa mchana kutwa, akaniambia mimi kwa wasiwasi, "Baba wa bicha, hii chumfi ya mwalimu nakunywa maji, na mwalimu mwenyewe hakuli chakula, ongea na yeye." Sikuongea naye.

Jumatano tarehe 26 Novemba helikopta ilikuja kuchukua familia za maafisa, na Gacheri alikuwa na nafasi, jina lake limeandikwa. Nilimbebea begi mpaka kiwanjani, maji ya magoti. Tulipofika karibu alisimama, akanitazama usoni kama anavyomtazama mwanafunzi, akasema, "Muriuki, niambie ukweli nipande ndege. Kama picha ile iligeuka wakati wa kuchapisha, mambo yameisha, naenda kwa mtoto wangu. Kama ilichapishwa jinsi ilivyokuwa, basi kuna kitu sijakielewa, na lazima nibaki nipige nyingine kabla jiwe halijafa." Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wametuzunguka, na miongoni mwao alikuwa afisa wa usajili wa vipande, amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Nikamwambia, "Ilichapishwa jinsi ilivyokuwa."

Akanipokonya begi. Nafasi yake alimpa mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, na akarudi kwa miguu shuleni peke yake, mimi nikabaki nimesimama kwenye maji hayo namtazama mgongo. Shemeji, nakuona umesimama. Nakuomba, si kwa ajili yangu, kaa nimalize, kisha unifanye utakavyo.

Jumamosi tarehe 29 Novemba, kwa jenereta ya shule na mafuta yaliyotosha dakika arobaini, yeye na Yahye walipiga mara tatu. Mara ya kwanza filamu ilitoka nyeusi yote, mara ya pili pete ilikatika kwa sababu jiwe lilikuwa limeingia doa, na mara ya tatu wakapata, na Yahye anasema jiwe lilipasuka wakati huohuo, kwa sauti ndogo kama punje ya mahindi kikaangoni. Safari hii filamu haikuja studio. Aliagiza dawa tu za kusafishia, akaisafisha mwenyewe kwa maji ya mvua yaliyochujwa kwa lesso, maana maji ya mto yalikuwa uji, akaishika dirishani, akaona mikia miwili imekunjia kulia, sawasawa na hesabu zake. Yahye akashangilia. Gacheri, anasema Yahye, alikaa chini kwenye sakafu na filamu mkononi. Alikuwa ameshajua, na alijua si picha tu, alimjua na kaka yake.

Sikujua kwamba amejua. Tulikutana njiani mara mbili, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama paa la studio linavuja. Tarehe 3 Desemba alituma picha mpya na barua kwa Profesa, msimamizi wake, kwa mkono wa rubani, na Ijumaa tarehe 19 Desemba alianza homa, ile homa iliyoanza kwa mbuzi na ngamia kabla ya kuingia kwa watu, macho yakamuuma, akaanza kutoka damu kwenye ufizi, tukambeba mimi na Yahye mpaka hospitali, naye akalazwa siku ishirini na sita.

Jumapili tarehe 11 Januari nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Alikuwa haoni tena sawasawa, aliniuliza ni nani, nikasema ni mimi. Nikaanza, "Gacheri, ile picha..." nikakwama hapo, mwanamume mzima wa miaka arobaini na minne. Akaupapasa mkono wangu akaushika, akasema, "Najua, Muriuki. Nyamaza, watakufungia studio. Nimeshaandika." Sikuelewa ameandika nini, na sikuuliza, nilishukuru tu kwamba sihitaji kuendelea, hilo nalo naliungama. Jumatano tarehe 14 Januari 1998, saa kumi na moja alfajiri, dada yangu alifariki, akiwa na miaka arobaini na miezi kumi na moja.

Juzi Yahye alinipa nakala ya barua yake ya Desemba. Imeandikwa hivi, kwa mwandiko wake: "Picha ya pili katika tasnifu niliigeuza mimi mwenyewe wakati wa kuchapisha, kwa uzembe wangu, na negativu niliipoteza mimi. Hakuna mwingine aliyehusika." Gacheri, aliyewafukuza watoto maabara kwa kukosea kipimo. Katika maisha yake yote sijui uongo wake mwingine ila huo mmoja, na aliusema kwa ajili yangu. Na chuo, kwa haki kabisa, kimemwamini, kimekubali kumpa shahada yake akiwa marehemu, pamoja na maelezo kwamba mtafiti alikiri uzembe na upotevu wa ushahidi. Profesa alinieleza hayo jana kwa upole sana, akidhani ananifariji, na kamati ikayapiga taipu.

Profesa, tafadhali sogea. Hii ndiyo negativu ya Julai 1995. Haikupotea, wala haikunata. Fremu ya kumi na nne ni mwanga mwekundu, ya kumi na tano ni mwanga uliotoka kwenye jiwe, sikuzikata, ziko kwenye ukanda mmoja, kwa hiyo haiwezekani moja ikawa imegeuka na nyingine haikugeuka, ukisoma namba za pembeni zikiwa zimekaa sawa mikia yote inakunjia kulia. Aliipata sawa siku ya kwanza. Hakuhitaji kuirudia. Hakuhitaji kubaki Garissa mwezi wa Novemba. Nakuomba katika barua hiyo ya chuo neno uzembe lifutwe, na kama lazima liandikwe mahali, liandikwe na jina langu. Bwana afisa wa usajili, nawe nimekuona, uko kule nyuma, studio nimeifunga jana kwa mkono wangu na ufunguo huu hapa, anayetaka kunihoji sitakimbia. Shemeji, sina la kukuambia. Kendi, mwanangu, mjomba wako alikuwa anaweza kumpandisha mama yako ile ndege kwa neno moja, na hakulisema. Ukiwa mkubwa utaamua kama utaniita mjomba.

Ukurasa umebaki na shukrani, nazo nazisoma zote. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokaa wodini wakati wao wenyewe maji yameingia majumbani mwao, marubani waliobeba barua na watu, mwalimu mkuu na walimu wote, wanafunzi waliochimba kaburi hili mara mbili kwa sababu la kwanza lilijaa maji, Bwana Yahye aliyekuwa shahidi wa kweli nilipokuwa wa uongo, mama Kaaha aliyemwosha marehemu kama dada yake wa tumbo moja, na vijana waliobeba jeneza kutoka barabarani wakiwa wamefunga, bila tone la maji mdomoni. Mungu awalipe, sisi hatuwezi.

Pumzika kwa amani, Gacheri. Umeniambia ninyamaze, na kwa mara ya kwanza sikukutii, kwa sababu kosa halikuwa lako.